Kimo cha Abaayo

Abaayo kwa Kisomali ni dada, na ndivyo nilivyomwita, ingawa alikuwa mtoto wa habaryar, mdogo wake mama. Walikuja kwetu Garissa kutoka Mandera kabla sijaanza shule, yeye na mamake, kwa sababu ya miguu yake. Polio ilimkamata akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mamake alimbeba mgongoni hospitali baada ya hospitali, akamlaza miezi mingi katika wodi ya watoto kule Nairobi, na mwishowe wakashukia kwetu, maana Mandera ilikuwa mbali mno na daktari. Miguu haikupona. Lakini katika ile wodi, katikati ya watoto wa kila kabila, abaayo alichota Kiswahili kikamkaa mdomoni kama chake, wakati sisi wengine, na shule yetu, bado tulikuwa tunasema "babai" tukimaanisha papai.

Nyumbani alitembea kwa mikono. Alivaa patipati, ndala za mpira, viganjani, akajiinua na kujisukuma, na ukicheza naye kukimbizana uani ulikuwa hujui akushike saa ngapi. Shule hakwenda. Habaryar aliogopa kwamba watoto watamkanyaga, jua litamchoma, mtu atamcheka. Hakumficha hata kidogo. Wageni wakija alimketisha katikati yao na kumsifu mpaka abaayo mwenyewe akaona haya. Ila hapo nje ya ua wetu aliona hapakutengenezwa kwa ajili ya bintiye.

Mwaka ule, siku chache kabla ya Ramadhani kwisha, lori lilifika na msafara wa magari yenye askari, kama yalivyosafiri magari mengi siku zile kwa hofu ya majambazi wa njiani, likiwa limebeba vyuma na mbao. Wenye lori walikuwa watu wa Pwani. Walitua kwenye uwanja ulio wazi upande wa soko la mifugo, wakapiga nyundo kutwa, na jioni tukaona gurudumu kubwa limesimama juu kuliko paa lolote la mtaa wetu, na visanduku vya kukalia vikining'inia kwenye ukingo wake. Halikuwa na injini. Wanaume wenye vifua vipana walilizungusha kwa mikono, mmoja akidandia chuma ili uzito wake ulishushe, mwingine akilisukuma kutoka chini. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyekuwa ameona kitu kama hicho. Hata ngamia waliopitishwa kwenda mnadani walisimama wakakitazama.

Siku ya Idd, baada ya sala na pilau, ndugu yangu mkubwa alimtandikia abaayo shuka ndani ya wilbaro, akampandisha na kanzu yake mpya ya kijani, na tukaondoka. Habaryar alikuwa na wageni. Aliambiwa tunakwenda kuona ile pembea ya gurudumu, na kuona ndiko tulikokusudia.

Mlangoni, pale watoto walipopangwa foleni, palichomekwa mti ulionyooka uliopakwa chokaa, na juu yake mstari mwekundu. Mzee mwenye pembea, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimamisha kila mtoto kwenye mti ule. Kichwa kikifika kwenye mstari unapita. Kisipofika unarudi kwa mamako. Alikuwa na macho makali. Msichana mmoja alikuwa amefunga mtandio juu ya rundo la matambara ili kichwa kiende juu. Mzee alibonyeza lile rundo kwa kidole kimoja, likashuka, na watu wakacheka. Mvulana aliyejaza karatasi ndani ya viatu aliambiwa avue. Mimi sikuwa na hila yoyote. Nilisimama, nikajinyoosha mpaka shingo ikauma, na mzee akaniangalia kwa huruma.

"Mwakani, mwanangu," akasema. "Kula ugali."

Nilirudi kwenye wilbaro machozi yakinilengalenga. Abaayo hakunibembeleza. Alikuwa anautazama ule mti.

"Nisukumeni pale," akasema.

Ndugu yangu alimwambia aache mchezo. Akarudia, kwa sauti ile ile ya chini, na ndugu yangu akasukuma. Foleni iligawanyika. Watoto waliangalia miguu yake, kama walivyofanya siku zote, na yeye akawapita akitazama mbele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Idd mubarak."

"Na mimi nipime."

Mzee alitazama wilbaro, akamtazama ndugu yangu, kama anayetafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. "Mwanangu, huu mti ni wa kusimama."

"Huu mti unapima nini?"

"Kimo."

"Kimo ninacho. Nipime nikiwa nimelala."

Watu walicheka, lakini si kwa ubaya. Mzee hakucheka. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikimkumbuka namshukuru: aliung'oa mti wake kutoka ardhini, mbele ya foleni nzima iliyokuwa ikimngoja, akaulaza kwenye vumbi.

Abaayo alijishusha kutoka kwenye wilbaro kwa mikono, akalala chali kando ya mti, kanzu yake mpya ya kijani ikigusa mchanga. Mguu mmoja ulinyooka wenyewe. Wa pili ulikuwa umejikunja gotini tangu utotoni.

"Nishike goti," akaniambia. "Bonyeza. Zaidi. Usiogope."

Nilipiga magoti, nikabonyeza. Nilijua inamuuma kwa sababu alifumba macho, ila uso wake haukubadilika. Mzee aliweka kiganja kwenye kisigino chake, akakisawazisha na pale udongo ulipoishia kwenye mti, halafu akazunguka upande wa kichwa. Akainama. Watoto wa foleni wakasukumana kuona.

"Umepita," akasema. "Umepita na zaidi."

Watoto walipiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika goti. Nilikuwa nimeishi na abaayo miaka yote ile, tukilala mkeka mmoja, na sikuwahi kujua kwamba ni mrefu. Hakuna aliyejua.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Alichuchumaa kando yake na kumweleza kama anavyoelezwa mtu mzima. Ule mstari, alisema, haukuwekwa kwa kiburi. Kila kisanduku kina chuma kinachofungwa mbele ya tumbo, na mtoto mfupi huteleza chini yake kisanduku kinapoyumba huko juu. "Mrefu anazuiwa na chuma, na miguu yake inakanyaga ubao. Wewe miguu haitakanyaga. Sasa nifanyeje?"

"Nitashika kwa mikono."

"Kila mtu husema hivyo."

"Basi jaribu kunitoa uone."

Mzee alifikiri. Akaamuru kisanduku cha chini kishikwe imara, akambeba mwenyewe, akamketisha, akafunga chuma. Abaayo akakishika. Mzee akamkamata kiunoni na kumvuta. Akavuta tena kwa nguvu. Akamwita mmoja wa wale wasukumaji, pande la mtu, naye akavuta mpaka kisanduku kizima kikasogea pamoja na abaayo. Vidole vyake havikuachia. Yule msukumaji alisimama akipumua, akatazama mikono ile ya msichana, kisha akatazama yake.

"Huyu," akasema, "mngempa kazi hapa."

Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba mtu mkubwa akae kando yake. Tukamtazama ndugu yangu. Ndugu yangu alikuwa amechunga ngamia kwa babu, na tulijua kwa masimulizi yake mwenyewe kwamba fisi walimkimbia. Alipanda kisandukuni kama mtu anayeingia kwa daktari wa meno. Hata kabla hawajaondoka chini nilisikia anasoma dua.

Gurudumu likazunguka. Niliona kanzu ya kijani ikipanda, ikawa ndogo, ikasimama juu kabisa wakati chini wanapakia wengine. Wenzake wote walikuwa wanapiga kelele. Yeye alikuwa amekaa wima, shingo ndefu, anageuza kichwa polepole huku na huku kama mtu anayekagua mali yake. Mtandio ulipeperuka ukamwangukia mabegani, na hakuachia mkono kuurudisha. Kando yake ndugu yangu alikuwa ameinamisha uso kabisa, hakuna alichokiona isipokuwa magoti yake mwenyewe.

Hapo ndipo habaryar alipotokea. Sijui nani alimpelekea habari. Katika mji wetu habari hazikuhitaji mtu. Alikuja anakimbia, amevaa kiatu kimoja, guntino yake, shuka ya kujifunga, ameikusanya mkononi. Aliona wilbaro tupu, akaniona mimi, kisha akafuata macho yangu juu.

"Nani amebeleka mtoto yangu juu?" Alimfokea mzee kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nani amesema sawa? Yeye hana miguu! Hujaona?"

"Nimeona, mama," mzee akajibu kwa adabu. "Nimempima. Amefika kwenye mstari."

"Mti yako inabima watoto ya kusimama!"

"Tumempima amelala."

Habaryar alikuwa amefungua kinywa aendelee. Akautazama ule mti uliokuwa bado chini kwenye mchanga, na alama ya mwili wa bintiye kando yake, mabega, kichwa, visigino.

"Amefika wabi?" akauliza, na sauti ilikuwa imeshuka kabisa.

Mzee alimwonyesha kwa kidole, juu ya mstari mwekundu. Kisha, bila kuombwa, akausimamisha mti na kuuchomeka mahali pake. Habaryar alisogea. Aliweka mkono pale kidole kilipokuwa, akajisogeza mpaka mti ukamgusa kifuani, na mkono wake ukawa usawa wa bega lake mwenyewe. Alikuwa amemshonea abaayo kila kanzu aliyowahi kuvaa, zote kwa kukisia, akiwa ameketi.

"Kumbe ananifika begani," akaniambia kwa Kisomali. "Binti yangu ananifika begani, na mimi sijui."

Nilimshika nguo.

Pembea iliposimama, ndugu yangu alishuka akiwa na rangi ya majivu, akaenda kukaa chini nyuma ya lori. Abaayo alimwona mamake, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona ana wasiwasi.

"Hooyo, nisamehe. Kanzu imechafuka."

Habaryar hakuzungumzia kanzu. Alimfunga mtandio vizuri, akampangusa vumbi usoni kwa kidole gumba. "Uliogopa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Iliposimama juu, kidogo. Halafu nikaizoea."

Habaryar akavua kile kiatu kimoja, akanipa nimshikie. Akamwambia mzee afungue chuma. "Mimi hakuna haja ya kubima," akasema, na akaingia kukaa pale alipotoka ndugu yangu. Wanawake waliomjua walipiga vigelegele. Akazunguka na bintiye mara ya pili, na huyu ndiye mama aliyekuwa haruhusu mtoto avuke barabara. Walipofika juu nilisikia sauti yake ikimuuliza abaayo, kwa kelele kama yuko ng'ambo ya mto, lile daraja la mto Tana liko upande gani, na abaayo akimwonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na kazi.

Jioni ile uani tulimzunguka atusimulie. Nilitarajia mto Tana, na mashamba ya migomba kando yake, na barabara ya kwenda Masalani inavyopotea kwenye vichaka. Hayo aliyasema upesi upesi. Kilichomfurahisha ni vichwa vya watu. Alikuwa amewajua watu kwa videvu na matundu ya pua, akatuambia, na leo amewaona kutoka juu. Akamtaja mwalimu wetu wa madrasa, mtu tuliyemwogopa kuliko wote, kwamba alikuwa amevua kofia kwa joto na kwamba katikati ya kichwa chake pana upara wa mviringo, mng'avu kama sahani. Habaryar alijaribu kumkemea, akashindwa, akacheka mpaka akashika ubavu.

Shule zilipofunguliwa, habaryar alimpakia kwenye wilbaro ile ile na kumsukuma mwenyewe mpaka shuleni kwetu. Mwalimu alianza kusema kwamba darasa la kwanza ni la watoto wadogo. Habaryar alimwambia bintiye anajua Kiswahili kuliko darasa zima, na abaayo akafungua mdomo akathibitisha. Aliingia darasa la kwanza akiwa amewapita wenzake wote kwa umri, na kwa kimo pia, kama wangemlaza. Alirushwa darasa, akarushwa tena, akanikuta, akaniacha. Sasa anafundisha, na ana kiti cha magurudumu anachokisukuma mwenyewe; wanawe wawili hudandia nyuma.

Wale watu wa Pwani hawakurudi. Barabara zilikuwa mbaya miaka ile, na Idd iliyofuata uwanja ulibaki wa mbuzi. Mimi nilikuja kupanda pembea nikiwa mtu mzima, Mombasa, yenye injini na taa za rangi, na hakuna aliyenipima. Nilishika chuma kwa mikono yote miwili. Kisanduku changu kilipofika juu kikasimama, nilifumba macho nikapiga kelele mpaka kijana wa injini akanionea huruma akanishusha kabla ya wenzangu.