Kofia ya Kifaa cha Waifai

Ilianza Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, pale varandani kwenye shule yetu ya bweni nje kidogo ya Njombe. Fundi aliyetoka Makambako aliuliza nani atakuwa mwangalizi wa kifaa cha waifai alichomaliza kukifunga. Mimi nilikuwa nimesimama mbele kabisa. Tangu anatoboa ukuta nilikuwa namsikiliza: umeme uzimwe kwenye swichi kabla mtu hajapanda, asipande mtu bila mwenzake kumshikia ngazi, waya wa kushusha radi ardhini usiguswe, na kifaa kisifunikwe na chochote kwa sababu kinapumulia vile vitundu vya pembeni. Yote nilikuwa nayo kichwani. Mkono wangu ukapanda mpaka sikioni, nikajikuna.

Dada akanyoosha wake mpaka juu. Ni mtoto wa mama mkubwa, tuko kidato cha tatu pamoja, na muda wote fundi anaeleza yeye alikuwa anawachekesha wenzake. Mwalimu wa kompyuta akamvisha shingoni ufunguo wa kiboksi cha swichi, wenye kamba nyekundu.

Ufunguo ule niliutaka mimi. Mwenye nao anaruhusiwa kukaa chumba cha kompyuta hata baada ya masomo. Kwetu Matembwe simu ni ya baba, tena anailalia.

Jioni baridi ikashuka. Msimu huu huku kila kitu kinavishwa: miche ya parachichi inafunikwa nyasi, bomba linafungwa gunia lisigande. Dada akaja na kofia yake ya sufu, ile ya kuziba masikio.

“Mdogo wangu, nishikie ngazi. Nikivishe kile kifaa, kisije kikalala na baridi.”

Nikashika. Akakivisha mpaka chini, akakaza na uzi. Mwalimu akapita, akacheka, akasema huyu ana moyo wa kulea, akapiga picha. Maneno ya fundi yalikuwa mdomoni mwangu, nikayameza. Nikajisemea, acha kiungue, tuone ufunguo utakuwa wa nani. Kisha nikaona aibu. Wivu haukuondoka, vikakaa vyote viwili.

Asubuhi, kabla ya kengele ya uji, nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Nikamfuata dada bombani, nikamwambia kofia itolewe.

“Nani kasema?”

“Fundi. Jana, wakati unacheka.”

Tukabeba ngazi. Alitaka kupanda hivyo hivyo, nikamwambia azime kwanza. Akafungua kiboksi, akazima, kile kitaa cha kijani kikafa. Nikapanda mimi, yeye akashika. Kofia ilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku, na ndani ilikuwa na unyevu. Nikaitoa, tukakiacha kipoe.

“Kwa hiyo jana ulijua?”

“Nilijua.”

“Ukanishikia ngazi tu, umenyamaza.”

Nikampa kofia yake. Akawasha umeme, tukasubiri, kitaa kikarudi. Akafunga kiboksi, ufunguo akaurudisha shingoni, akaudumbukiza ndani ya sweta nisiuone. Kofia akaivaa na joto lake, akaenda kupanga foleni ya uji.

Mwalimu sikumwambia. Niliiburuta ngazi mpaka stoo peke yangu, na njia nzima nilikuwa naiwaza ile kamba nyekundu.