Ufunguo wa Jirani Mfukoni Mwangu

Wiki moja kabla ya uchaguzi nilijaza tangi la gari. Mke wangu aliniuliza safari ni ya wapi, nikamwambia huenda mafuta yakapanda bei. Nilikuwa katibu wa kikundi cha amani cha mtaa wetu, na katibu wa amani hawezi kusema kwamba anajaza tangi ili akimbie.

Mtaa wetu uko upande wa Kapseret, pale ambapo Eldoret inaanza kuchoka kuwa mji na ng'ombe wanaanza kuonekana barabarani. Sisi wenyeji tunaishi ukuta kwa ukuta na watu waliokuja kutoka upande wa ziwa. Miaka minne kati ya mitano hakuna anayekumbuka nani alitoka wapi. Mwaka wa tano watu hununua unga wa ziada, na jirani aliyeazima ngazi yako tangu Krismasi anairudisha bila kuulizwa. Ukiona ngazi imerudi, ujue mambo si mazuri.

Kikundi chetu kilianzishwa na makanisa matatu yaliyo kwenye barabara moja. Mwanzoni tulifanya kama wengine: semina, soda, fulana nyeupe zenye njiwa. Njiwa wetu alichorwa na fundi wa mabango ya hoteli, kwa hiyo alifanana na kuku aliyenusurika kukaangwa. Mimi, kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na huandika makala ambazo shangazi zangu huniambia wamezisoma, nilipewa nafasi ya kutoa mada. Nilizungumza dakika arobaini kuhusu mizizi ya migogoro. Nilipomaliza, mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu ambaye hajawahi kumaliza sentensi kwa upole, aliinuka.

"Asante, Mwalimu. Sasa tuambie. Mtu akifika kwa Mama Fundi na panga, wewe utakuwa wapi?"

Nilianza kupekua karatasi zangu.

Mama Fundi ni jirani yangu, ng'ambo ya barabara. Alikuja kutoka ziwa akiwa msichana, akaolewa hapa, akafiwa na mume hapa, na hushona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Siku ile hakungoja nijibu. Alisimama, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, akasema kwamba miaka ile ya vurugu nyumba yake ya kwanza iliungua pamoja na cherehani tatu.

"Haikuchomwa kwa sababu ni yangu," alisema. "Ilichomwa kwa sababu ilikuwa tupu. Nilipokimbia, jirani aliniambia baadaye, 'Mama, ningefanya nini? Mimi sikuwa na ufunguo.' Na alisema kweli. Hakuwa na ufunguo."

Hivyo ndivyo tulivyoacha semina tukaanza kazi ya funguo. Anayeogopa anampa ufunguo wa nyumba yake jirani wa upande ule mwingine. Kila asubuhi saa mbili mshika ufunguo anakuja, anapiga hodi, anakunywa chai mlangoni pale ambapo barabara nzima inamwona. Kukiwa na matata, anaingia, anafungua madirisha na kuketi ndani kama kwake. Ni hayo tu. Hatukuhitaji fulana, na hata Makanika, mwenyeji mwenzangu anayetengeneza magari, alishika ufunguo wa familia moja ya ziwa.

Kanuni niliziandika mimi. Ya nne ilisema: mshika ufunguo haondoki mtaani kabla ya kuurudisha mkononi mwa mwenyewe. Neno "mkononi" nililiongeza usiku wa manane, na nililipenda kupita kiasi. Kile ambacho hakuna aliyekiona, hasa mwandishi, ni kwamba katika mtaa unaosoma hatari kwenye ngazi iliyorudishwa, mtu akionekana anarudisha ufunguo ni sawa na kupiga kengele ya moto.

Mama Fundi alinipa wake siku tatu kabla ya kura. Alikuwa ameufunga kwa kitambaa chembamba cha buluu, mabaki ya sare.

"Watoto wangu wa Nairobi wananipigia kila siku," alisema. "Mama, toka huko. Kila uchaguzi nimetoka. Nafunga mizigo, naenda ziwa, narudi nakuta kimepungua kitu. Safari hii nimewaambia siendi. Nikienda tena, Mwalimu, sirudi. Nimezeeka kwa kurudi."

"Wamekubali?"

"Nimewaambia ufunguo uko na mwalimu wa ng'ambo, mwenyeji, na anakuja kila asubuhi. Wakasema, akija kila asubuhi, sawa. Siku asipokuja, wanatuma gari kunichukua."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nililisema vizuri sana.

Tulipiga kura, kisha tukaanza kungoja. Asiyewahi kungoja matokeo Eldoret hajui jinsi mji unavyoweza kushika pumzi. Maduka yalifungwa milango nusu, halafu yote. Mvua ya Agosti ilinyesha kila alasiri kama mtu mwenye ratiba. Kwenye simu, kila kikundi nilichomo, pamoja na kile cha wazazi wa darasa la nne, kiligeuka kuwa kituo cha kujumlisha kura. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kunywa chai. Ya pili nilikwenda. Ya tatu nilikwenda, nikamwagia chai sketi ya mwanafunzi wa shule ya upili ambayo ilikuwa imeshonwa nusu.

"Leo kikombe kimekushinda," Mama Fundi alisema.

"Baridi."

"Eh. Baridi."

Kati ya chai na chai nilizunguka ndani ya nyumba. Mke wangu na watoto walikuwa wameshakwenda kwetu Moiben "kusaidia shambani", mwezi ambao mahindi yamesimama yenyewe na hayaombi msaada wa mtu. Jioni ya tatu kaka yangu alipiga simu.

"Unangoja nini huko? Kuja nyumbani."

"Niko na kazi."

"Kazi gani na kila kitu kimefungwa?"

"Ya kikundi."

"Kikundi cha?"

"Cha amani."

Alicheka mpaka nikasikia ng'ombe wakilia nyuma yake. "Basi lete hiyo amani Moiben. Huku kuna nafasi."

Asubuhi ya nne, saa moja kasoro, mtu asiyejulikana aliandika kwenye kikundi kisichojulikana kwamba barabara zitafungwa kwa mawe kabla ya adhuhuri. Saa moja nilikuwa ndani ya gari. Nilikuwa nimeweka mtungi mtupu wa maziwa kwenye kiti cha mbele, uonekane dirishani. Mtu akiuliza, naenda kutafuta maziwa.

Ufunguo wenye kitambaa cha buluu ulikuwa mfukoni mwa koti. Sitasema niliusahau. Nilitia mkono nikauhisi. Niliona pazia la Mama Fundi limeshafunguliwa, na nikajua kwamba nikivuka barabara kumrudishia, mtaa mzima utafunga mizigo. Kwa hiyo, nilijiambia, ni kwa ajili ya amani ya mtaa kwamba naondoka kimyakimya. Hiyo ndiyo faida ya elimu. Haimzuii mtu kukimbia, ila humpa sababu nzuri.

Barabara ya Moiben ilikuwa wazi kabisa. Hapakuwa na jiwe hata moja. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili, yametoa maua, na mzee mmoja alikuwa akiswaga ndama wake taratibu katikati ya lami. Nilimpigia honi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa hana aibu.

Nyumbani mama yangu alinipokea jikoni, akanivua koti lililokuwa bado bichi kwa mvua ya jana ili alianike karibu na moto. Ufunguo ukaanguka. Akauokota, akakitazama kile kitambaa.

"Huu ni wa nani?"

Nilimweleza: kikundi, kanuni, chai ya saa mbili. Alinisikiliza bila kukoroga chochote, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Kwa hiyo umekuja huku na mlango wa mtu," alisema.

"Ana ufunguo mwingine, Mama. Anaweza kufungua."

"Sijauliza kama anaweza kufungua. Anajua uko hapa?"

Simu yangu ililia saa tatu kasorobo. Nilitoka nje kuipokea, penye matope, kama mvulana aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mwalimu, chai imepoa," Mama Fundi alisema. "Uko salama? Nimeona gari haiko, nikaogopa umeugua."

Angenitukana ingekuwa nafuu.

"Niko salama, Mama. Nilitoka kutafuta maziwa."

"Maziwa."

"Ndiyo."

"Ya wapi hayo?"

Nilifikiria kusema Kapseret. "Ya Moiben."

Nilisikia cherehani haifanyi kazi, na sijawahi kuisikia cherehani ile ikiwa kimya saa kama ile.

"Sasa sikia," alisema. "Makanika ameona gari yako imeenda, amerudisha ufunguo aliokuwa ameshika. Wenye nyumba wanafunga magodoro kwa pickup. Na watoto wangu wamepiga. Wameuliza, amekuja leo? Nimewaambia ngojeni kidogo. Mimi siwadanganyi watoto wangu, Mwalimu. Nataka kujua nitawaambia nini."

"Waambie nakuja."

"Nitawaambia ukifika."

Kaka yangu alinikuta nikivaa koti bichi. "Si umefika sasa hivi?" Mama yangu, aliyenisikia nikiongea na simu, alichukua mtungi wangu mtupu kutoka garini akaujaza maziwa ya asubuhi mpaka shingoni. Nadhani hakutaka niwe mwongo mara mbili.

Niliporudi, mtaa ulikuwa umesimama kwenye mageti. Pickup ilikuwa na magodoro manne na mtungi wa gesi. Mama Fundi alikuwa ameketi nje ya lango lake kwenye kigoda cha cherehani, na miguuni pake palikuwa na begi ambalo zipu yake haijafungwa. Mwenyekiti alisimama kando yake, mikono kifuani. Nilishuka na mtungi wa maziwa mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine, na sijui ni kipi kilichoonekana cha kipumbavu zaidi.

"Katibu," mwenyekiti alisema. "Tusomee kanuni ya nne."

Niliisema kwa kichwa, mpaka kwenye "mkononi".

"Iliandikwa na nani?"

"Na mimi."

Mtu alicheka. Makanika, ambaye kwa miezi mingi nilikuwa nikipinga apewe ufunguo kwa sababu anakunywa, alijikuna shingo.

"Mimi niliona Prof ameenda," alisema. "Nikasema, huyu amesoma. Lazima kuna kitu anajua."

Nimeambiwa mengi kuhusu elimu yangu, lakini hilo ndilo lililonipata. Sikuwa najua kitu. Nilikuwa nimesoma ujumbe wa mtu asiyejulikana, nikakimbia, na majirani wakausoma mgongo wangu kama habari.

Nilimnyooshea Mama Fundi ufunguo. "Mkononi mwako, Mama. Mpe mtu mwingine. Sistahili."

Hakuupokea. "Ukinirudishia hii saa hii, mbele ya hawa wote, mimi napanda pickup. Kaa nayo." Kisha akanyoosha mkono wake, kiganja juu. "Nipe yako."

"Ya nyumba?"

"Nyumba yako itaenda wapi? Ya gari."

Katika miezi yote ya mikutano, hakuna mwenyeji aliyewahi kuombwa ufunguo, na mimi sikuwahi kuliona hilo. Nilidhani funguo huenda njia moja, kutoka kwa wanaoogopa hadi kwa wasioogopa. Mimi nisiyeogopa ndiye niliyekuwa na tangi lililojaa. Nilimpa. Aliingia ndani, na kupitia mlangoni tulimwona akiufunga kwa kitambaa cha buluu na kuutundika kwenye msumari juu ya cherehani, kati ya mkasi na picha ya ubatizo. Halafu akapiga simu Nairobi, kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Amekuja. Amechelewa, lakini amekuja." Akasikiliza. "Hapana, msitume gari. Huyu haendi popote. Ufunguo wa gari yake niko nao."

Alitoka, akachukua begi, akalirudisha ndani. Makanika naye alikwenda kuomba arudishiwe ule ufunguo aliokuwa ameurudisha. Wenye magodoro walimkatalia kwa adabu, wakaondoka. Sikuwa na haki ya kuwazuia. Walirudi baada ya wiki tatu, wakaikuta nyumba yao salama, lakini mpaka leo ufunguo wao hawampi mtu, nami nikikutana nao dukani huwa natazama bei ya sukari.

Matokeo yalitangazwa siku iliyofuata, alasiri. Upande wa mjini tulisikia kelele, za furaha au za kitu kingine, hatukujua. Mimi nilikuwa kwa Mama Fundi, mlango wazi, nikinywa chai yangu ya pili. Yeye alikuwa anashona kola. Kelele zilipokaribia alisimamisha cherehani, akanitazama. Nilivuta kiti changu mpaka kizingitini, nikaketi miguu nje. Kanuni ilisema niketi ndani, lakini ndani nisingeonekana. Kelele zilipita barabara kubwa, zikaenda zao. Cherehani ikaanza tena.

Kesho yake niliuliza kuhusu ufunguo wangu.

"Wameapishwa?" akaniuliza.

"Bado. Wanasema wanaenda mahakamani."

"Basi," alisema, akaniongezea chai.

Niliusubiri mpaka kiapo. Kila asubuhi nilivuka barabara saa mbili, na mahali pengine pote nilikwenda kwa miguu au kwa boda boda, huku watu wakiniuliza gari iko wapi na mimi nikisema iko kwa fundi, jambo ambalo, kwa upande wa ufunguo, lilikuwa kweli. Aliponirudishia, mbele ya mtaa, mkononi, betri ilikuwa imekufa kabisa. Makanika alisukuma upande mmoja, mwenyekiti upande wa pili akitoa amri, na Mama Fundi alisukuma katikati, tepu shingoni. Injini ilipokubali, alikuja akagonga kioo. Nilikishusha.

"Kesho saa mbili," alisema.