Jalala Liwe Kule

Mwaka wa pili baada ya kurudi kutoka ukimbizini Tanzania, niliitwa kwenye mkutano wa kuchagua mahali pa kujenga jalala jipya la mji, hapa Muyinga. Nilikuwa na mwandiko mzuri, basi nikapewa kalamu niandike muhtasari. Mtaalamu kutoka Gitega alitandaza ramani mezani, akatueleza: shimo la taka zinazooza, banda la kuchambulia plastiki na chupa, uzio kuzunguka kote. Tukafurahi. Kisha akauliza, "Sasa tuliweke wapi?"

"Kule," akasema mfanyabiashara mmoja, akinyoosha kidole dirishani. Fundi cherehani naye akasema kule. Mama mmoja wa kanisani akaongeza, "Kule hakuna watu." Nami nikaandika yote.

Neno hilo nilikuwa nalijua sana. Kambini, wazazi wetu waliposema kule walimaanisha Burundi, na sauti zao zililainika. Tuliporudi, majirani wakatuita watu wa kule, na hakuna aliyelainisha sauti.

Mtaalamu akaniomba niandike jina la kilima walichokuwa wakikionyesha. Nikasimama, nikafuata vidole vyao hadi dirishani. Ng'ambo ya bonde yalimeta mabati mapya ya nyumba zetu sisi tuliorudi.

Nikarudi mezani, nikakata kila neno kule, juu yake nikaandika nyumbani kwangu. Kisha nikawasomea muhtasari kwa sauti. Nilipofika kwa yule mama, nikasoma polepole: "Nyumbani kwangu hakuna watu."