Vumbi Lililofunika Kicheko cha Babu Yako

Ipo siku moja ya kipupwe ambayo naikumbuka kila nikisikia santuri inakwaruza. Jumapili iliyopita niliikumbuka nikiwa kwenye kochi lako huko Boko. Mwanangu, uliniwekea santuri ya babu yako. Ulifunga madirisha, ukawasha kiyoyozi, ukaisugua kwa kitambaa kikavu kama mtu anayesugua sufuria, halafu ukaipiga. Ikalia pa, pa, pa, kama bisi. Ukasema, "Imezeeka, baba." Sikukujibu, maana chakula kilikuwa kimeshafika mezani. Sasa nakujibu.

Babu yako hukumwona, na mie mwenyewe sikumbuki sura yake. Alikuwa mpiga tumba kwenye bendi, akafariki sijaanza kutembea. Picha hakuacha. Bibi yako aliniambia ameacha kitu kimoja tu: bendi yao ilirekodi santuri moja, na upande wa pili, ngoma inaponyamaza, kuna mtu anacheka. Huyo ndiye. Tangu nipate akili nilikuwa naitafuta. Niliipata Keko, nikiwa kijana wa kununua na kuuza chochote kinachobebeka.

Aliyekuwa nayo ni Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Lindi, aliyeuza vitu vilivyotumika kando ya mafundi wa makochi: pasi, redio, na boksi la santuri. Nilizipekua zote, nikazihesabu mara mbili, ili asijue nimeshaiona ninayoitaka. Kisha nikafanya ujanja ambao siku ile niliuona wa maana sana.

Nilikuwa nimevaa shati la nailoni. Nilishagundua kwamba ukiisugua santuri kwa nailoni kavu, inashika umeme. Ukiisogeza karibu na mkono, vinyweleo vinasimama. Ikishashika umeme inavuta vumbi lote la mtaa, na Keko vumbi la mbao halikosekani hata kwenye chai. Basi nikaisugua kwa upindo wa shati, mbele nyuma, nikajifanya naisafisha. Nilitaka ikwaruze nishushe bei.

"Haya bibi, tuisikie."

Akaiweka kwenye mashine yake. Ikakwaruza kuliko nilivyotarajia. Ilipofika mwisho, mahali pa kicheko, ikawa ni mlio wa vumbi tu.

"Hii imekufa, bibi," nikasema. "Mie nakusaidia tu kupunguza mzigo."

Bi Zuhura akainua sindano. "Umesema kweli, mjukuu wangu. Imekufa. Na mie siuzi maiti."

Akamwita fundi wa banda la jirani, aliyekuwa akitengeneza saa za ukutani kwa santuri mbovu. Anazikata pembeni kwa urembo, anapachika mashine ya saa katikati. Fundi akaja, penseli sikioni na msumeno mkononi, akainyooshea mkono santuri ya baba yangu.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Si mbovu kiasi hicho."

"Si umesema imekufa?" akauliza Bi Zuhura.

"Imezimia tu, bibi."

"Braza, amua," fundi akasema. "Mie nina mteja anasubiri saa."

Nimepatana bei nyingi maishani, mwanangu, lakini siku ile ndiyo pekee niliyosimama kuisifia bidhaa ya mtu mwingine, mbele ya mwenyewe, ili isikatwe. Nikasema yote: baba, tumba, kicheko. Na shati pia.

Bi Zuhura hakuonyesha huruma. "La shati nilikuona. Nilitaka kujua kama utaiacha ikatwe. Livue, likae mbali huko."

Nikabaki na singlendi. Akachukua kipande cha khanga iliyochakaa, akakilowesha kwa maji safi, akakikamua mpaka kikaacha kudondosha. Akaipitisha polepole, akizunguka kwa kufuata mistari ya santuri, bila kukandamiza wala kugusa karatasi ya katikati. Nikataka kuikausha kwa kitambaa, akanipiga kofi mkononi.

"Unyevu ndio unaoondoa umeme. Ukiikausha kwa kusugua, umeurudisha uleule. Isimamishe, ikauke yenyewe."

Ilipokauka nikaisogeza mkononi. Vinyweleo vikabaki vimelala. Bi Zuhura akaifagia sindano kwa brashi laini, akaiweka santuri. Fundi hakurudi bandani kwake. Akawapigia kelele wenzake waache randa. Ngoma ikalia, ikanyamaza, na baba yangu akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, cha mtu aliyemaliza kazi na anajua ameiweza. Nami nikajikuta nacheka.

Fundi akamgeukia Bi Zuhura. "Umesikia? Huyu naye kicheko chake ni kilekile."

Nililipa bei ya kwanza aliyoitaja Bi Zuhura, sikuomba hata punguzo la nauli. Nadhani hata yeye alishtuka.

Kwa hiyo santuri yako haijazeeka, mwanangu. Wewe ndiye unayeisugua kwa kitambaa kikavu, kwenye chumba ambacho kiyoyozi kimekausha hewa yote. Kabla hujaipiga, kizime hicho kiyoyozi mapema, fungua dirisha, joto la Dar lina unyevu wa bure. Gusa nondo za dirisha kwanza, umeme wa mwili wako uishie hapo. Itoe santuri taratibu kwenye mfuko wake, na mfuko uwe wa karatasi, ile nailoni uliyoivisha itupe. Ikiwa na vumbi, fanya kama Bi Zuhura, ila usitumie maji ya kisima chenu, yana chumvi na chumvi itabaki kwenye mistari. Na shati unalovaa siku hiyo liwe la pamba.

Jingine ni hili: kitu unachokipenda usikitie dosari ukitegemea utakipata kwa urahisi. Anaweza kutokea mtu akakuamini, na ana msumeno.

Mungu akupe subira ya kusubiri santuri ikauke yenyewe. Awape wanao masikio ya kumsikia mtu ambaye hatukumwona, na siku mie nitakapokuwa nimenyamaza, kicheko hicho wakisikie kwako, hapohapo Boko, madirisha yakiwa wazi.