Maji ya Juni pale Murongo

Siku ya Jumatano, tarehe 11 Juni 1952, saa kumi na mbili jioni, watu saba walisimama ukingoni mwa Mto Kagera, pale Murongo, wakitazama kipimo cha maji: ubao mrefu uliosimikwa mtoni, wenye tarakimu za futi na sehemu za kumi za futi. Elpidius Kahigi, mkulima wa migomba na kahawa, alikuwa amekisoma kipimo hicho kila asubuhi na kila jioni kwa miaka minne. Hata siku za kukamua ndizi hakuonja pombe ya rubisi kabla ya kuandika daftarini tarakimu za jioni.

Sasa alikuwa karibu kunyang'anywa daftari. Karani wa maji, Melkiory Rweyemamu, alikuwa amesafiri kutoka Bukoba kwa sababu moja tu. Mvua zilikatika katikati ya Mei, lakini katika daftari la Kahigi maji yalizidi kupanda.

"Bwana Kahigi, mimi nimekulia karibu na mito," alisema karani. "Mvua ikikatika, mto hushuka. Tarakimu hizi unazitunga nyumbani."

"Mito ya kwenu ni mifupi, Bwana Karani. Huu hupita kwenye maziwa na vinamasi vya mafunjo huko juu. Maji hukaa humo kwanza. Mvua ya Aprili sisi tunaiona Juni."

"Kumbe maji nayo hupumzika njiani kama wachuuzi!"

Wavushaji watatu wa mitumbwi wakacheka, na jirani mmoja pamoja nao. Kokugonza, mke wa Kahigi, hakucheka.

"Lala kwetu, baba, kesho uyapokee mwenyewe," alisema. "Au Bukoba wanakungoja kwa chakula?"

Karani alikuwa mtu wa haki, akakubali. Wakasoma pamoja: futi saba na sehemu nne. Akaandika kwa mkono wake, kisha akachomeka kijiti penye ukingo wa maji, asije akapotoshwa na macho. Akala ndizi kwa maharage mara mbili, akalala.

Asubuhi, saa kumi na mbili, wote saba walikuwa mtoni tena. Karani alitangulia, akainama, akatafuta huku na huku katika nyasi kavu.

"Nani ameondoa kijiti changu?" alifoka.

"Hakuna aliyekigusa, baba," alijibu Kokugonza. "Unakitafuta nchi kavu. Tazama mbele yako."

Kijiti kilikuwa ndani ya mto, hatua moja na nusu kutoka ukingoni, kimebakiza ncha. Karani alikiendea kwa viatu na soksi zake, akakishika, akasimama hapo majini akicheka mpaka machozi yakamtoka. Kipimo kilionyesha futi saba na sehemu sita.

"Niambie tena habari za hayo mafunjo," alisema, akifungua daftari. "Polepole, niandike."

Kahigi alieleza akiwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyefaulu. Karani aliandika ukurasa mzima, akatia sahihi, akamrudishia daftari kwa mikono miwili.

Saa nne karani aliondoka kwa lori, soksi zikining'inia dirishani. Wavushaji watatu walirudi mitumbwini. Jirani akaenda kupalilia. Ukingoni walibaki wawili: Kokugonza, na mumewe Elpidius Kahigi, msomaji wa maji.