Roda na Ufunguo wa Kanisa

Jana mchana mtu alibisha mlango wa fleti hii ya Mankhool, huku Uarabuni, ninamofanya kazi, nami sikumfungulia. Usinione sina adabu, rafiki yangu. Madam akitoka hufunga kwa nje na kuondoka na ufunguo. Aliyebisha ni dada Mganda, mfanyakazi wa fleti inayotazamana na hii, na alikuwa ameniletea matoke kwa sababu nimefiwa na nyanya yangu. Kwao na kwetu ni mamoja: mfiwa hapiki, hupikiwa.

"Fungua basi, nyabo, sahani inaniunguza."

"Dada, sina ufunguo."

Kisha nikamsikia akikaa chini pale koridoni, mgongo wake kwenye mlango. "Haya. Nisimulie habari za marehemu. Tutalia hivi hivi."

Nikamsimulia, na nilipofika kwenye mchezo wa Petro nikajikuta nacheka, halafu nikalia sana.

Kwetu ni milima ya Taita. Kanisa letu dogo lilipewa jina la mtume Petro, na sikukuu yake huangukia mwezi wa sita, wakati ambapo ukungu ulikuwa ukitukalia mpaka saa nne asubuhi na meno yakigongana. Mwaka mmoja mwalimu wa shule ya Jumapili akatuigizisha maisha ya mtume: alivyoacha nyavu, alivyomkana Bwana wake mpaka jogoo akawika, alivyotiwa gerezani na malaika akamtoa. Tulikariri maneno huku tumejitwika kuni. Mimi nilitaka kuwa Petro. Petro akapewa binti wa jirani, eti ana sauti nene, akachorwa ndevu kwa makaa. Mimi nikapewa Roda, kijakazi anayesikia mtume akibisha langoni. Nilinuna siku mbili. Nyanya akaniambia niache upuzi, Roda ndiye mwenye mlango, na bila yeye mtume analala nje.

Habari za milango nyanya alizijua. Yeye ndiye aliyefagia kanisa, na ufunguo wake mkubwa wa chuma aliufunga kwenye pindo la leso, hata akienda kuchuma kunde. Siku ya mchezo akalifungua pindo mbele ya watu, akanikabidhi. Nilijiona bibi mkubwa.

Petro akatoka gerezani, yaani chumba cha mchungaji, akazunguka nje kwenye manyunyu, nami nikafunga mlango kwa ufunguo wa kweli. Akabisha. Roda, kama ujuavyo, kwa furaha alisahau kufungua akakimbilia ndani kutangaza. Nikakimbia. Wanafunzi wakaniambia nina wazimu, kanisa zima likacheka, na kicheko kile kikanilevya. Nikarudia maneno yangu, wakacheka tena. Nikaongeza kucheza kidogo. Nikaongeza na wimbo. Petro maskini hakuwa akiigiza tena, alikuwa akiupiga mlango kwa ngumi mbili na kulia. Ndipo nyanya aliposimama benchi la tatu.

"We! Mfungulie mwenzio!"

Petro akaingia, ndevu zimemtiririka hadi kifuani. Nyanya akamfunika leso, akampakulia kimanga cha moto, mihogo na maharagwe yaliyopondwa, kabla hata ya mchungaji. Mimi sikuchapwa. Jioni tukiwa jikoni aliniambia tu, "Mwenye ufunguo hasikii baridi." Nilidhani anasema habari za hewa.

Madam wangu si mtu mbaya. Hanitukani, hanipigi. Mkataba wangu uliisha kabla ya Ramadhani, pasipoti yangu imo kwenye droo yake, na kila nikiuliza naambiwa inshallah. Juzi, habari za msiba zilipofika, nilimpigia magoti. Akasikitika kwelikweli, machozi yakamlenga. "Baada ya likizo ya watoto, habibti, inshallah." Jana akawachukua watoto kwenda madukani, akafunga mlango, nikamsikia akiimba mpaka kwenye lifti. Furaha ile naijua, nimewahi kuwa nayo.

Aliporudi alikuta sahani imefunikwa mlangoni.

"Nini hiki?"

"Chakula cha msiba wangu, madam."

Nikaomba pasipoti tena, safari hii nimesimama. Nikamwambia kuna ndege alfajiri, na mazishi ni kesho saa nane. Akautazama ufunguo mkononi mwake kwa kitambo, kisha akautia mkobani.

"Khalas. Nimesema baada ya likizo."

Leo, saa nane za kwetu, nilikuwa napiga pasi sare za watoto. Petro, ambaye sasa ni mama wa wanne, ndiye aliyenitumia sauti kwa simu. Anasema leso wamemzika nayo. Waombolezaji wamekula wali, kimanga siku hizi hakuna anayejisumbua kukiponda. Mlango wa mbao wa kanisa uling'olewa zamani, kuna geti la chuma, na ukungu wenyewe mwaka huu haukuja.

Hayo yote nitayazoea. Lakini benchi la tatu li tupu, na madam ana ufunguo, na hakuna tena wa kusimama na kupaza sauti: We! Mfungulie mwenzio!