Chungu cha Marehemu Mable

Mable alipofariki, mwaka wa hamsini na sita, wanawake wa Mghange waligawana vyombo vyake, ila chungu cha mkate hakuna aliyekitaka. Tryphena, mdogo wake, akakibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Alikuwa amemtazama dada yake akioka mara nyingi. Naye akatandika majani ya mgomba ndani, akaweka donge la unga wa ngano lililokwisha umuka, akafunika kwa bati, akapalia makaa juu na chini. Harufu ilipoanza kutembea kwenye ukungu wa asubuhi, akamwona mtu amesimama uani.

Alikuwa Mwandawiro, mume wa marehemu. Alifanya kazi ya reli kule Maungu, na habari za msiba zilimfikia wakati mkewe amekwisha zikwa. Hakuwahi kwenda kaburini.

"Karibu ndani, shemeji."

"Mwambie nimefika," akasema, akiutazama moshi.

"Nimwambie nani?"

Mwandawiro akachuchumaa kando ya moto. Makaa yalipofifia, akashika njia bila kuonja hata kipande.

Ikawa kila akipata ruhusa kazini, yuko pale, akingoja harufu ya mkate. Danson, mume wa Tryphena, akachoka. "Kivunje hicho chungu. Huyu mtu atarukwa na akili."

Tryphena hakumwambia kwamba naye, majani yalipoanza kulia ndani ya chungu, alikuwa akigeuka kutazama nyuma yake.

Siku moja Mwandawiro aliingia jikoni bila hodi. Akayapangua makaa kwa mikono mitupu, akafunua bati. Mkate ukanywea.

"Hayumo," akasema taratibu.

Tryphena akamtumbukiza mikono ndani ya maji baridi. Kisha akamwongoza hadi migombani, alikolala Mable.

"Mbona nyasi zimeshaota?" aliuliza.

"Ni muda, shemeji."

Akapiga magoti, akazing'oa kwa vidole vyenye malengelenge. Tryphena hakumzuia. Alipomaliza aliomba mkate. Ulikuwa mbichi katikati, lakini alitafuna.

"Huu si wake," akasema, akaendelea kula mpaka ukaisha.

Hakurudi tena Mghange. Mwaka uliofuata wakasikia ameoa hukohuko Maungu. Danson alifurahi sana. Tryphena alisema ni vyema, ingawa sasa aliyebaki kumngoja Mable alikuwa yeye peke yake; akachukua jembe, akaenda kulia shambani mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona.